Maji Usiyoyafika

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi. Nimeitungia maswali ya mtihani, nimewakata alama watoto walioandika "kina" mahali pa "wingi", na nimewaeleza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba maana yake ni kutojitia katika jambo ambalo hujalipima. Halafu siku moja ya Aprili mwaka 2014, katika masika ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam hatujayasahau, nilifika mbele ya maji nisiyoyajua wingi wake, nikatia gia ya kwanza, nikaingia.

Nitafika huko. Kwanza nataka tuitazame sentensi moja. Kazi yangu maishani imekuwa kusoma sentensi za watu wengine na kuzitafutia makosa, na ingawa nimestaafu, ugonjwa huo haujanitoka. Sentensi yenyewe ni hii: gari lilisombwa na maji. Kila masika utaikuta gazetini, utaisikia redioni, utaisikia kwa mama muuza vitumbua. Pengine ni basi, pengine ni bajaji au lori la mchanga, lakini umbo lake halibadiliki. Kisarufi haina kosa. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, mtendwa ni gari, mtenda ni maji. Mwalimu hana pa kuweka wino mwekundu.

Mimi nitauweka. Katika sentensi hiyo hamna mtu. Gari limekaa peke yake kama kuku aliyesahauliwa nje, maji yakaja yakalichukua. Sikatai kwamba yako magari ya namna hiyo, yaliyoegeshwa uani usiku, wenyewe wamelala, mto ukapanda ukayafuata hadi barazani. Desemba 2011 ilikuwa hivyo kwa wengi waliokaa bonde la Msimbazi, katika mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuzifanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande. Hao maji yaliwafuata. Lakini gari lililokuwa likienda, lenye funguo mahali pake na mguu wa mtu juu ya pedeli ya mafuta, halikufuatwa na maji. Lenyewe ndilo lililoyafuata. Sentensi ya kweli ingekuwa hivi: dereva aliliingiza gari majini, na maji yakalichukua. Ni ndefu kidogo, nami najua nafasi ya gazeti ni ghali. Ila sidhani kwamba tunaifupisha kwa sababu ya nafasi.

Basi niseme la kwangu, maana si haki kuhakiki sentensi za wenzako na kuficha ya kwako.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikwenda mjini kumchukua shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, pamoja na binti yake wa miaka 9, waliokuwa wamekwama huko tangu asubuhi kwa kukosa usafiri. Barabara ya Morogoro haikupitika pale Jangwani, kama ilivyo desturi yake, nasi tukazunguka kwa njia za mitaani. Jina la mtaa nitalihifadhi. Yatosha kusema kwamba mahali fulani njia hiyo inapita juu ya kalvati, na chini ya kalvati kuna kijito kinachokwenda kuingia Msimbazi. Wakati wa kiangazi ukipita pale hujui kama kuna kijito, unaona takataka tu na bata wawili watatu. Siku ile kijito kilikuwa kimehama, kilikuwa kinapita juu ya barabara.

Magari yalikuwa yamesimama. Mbele yangu lilikuwako daladala, Coaster, na nyuma yangu gari dogo jeupe. Tulikaa kama dakika 10. Daladala likaingia. Maji yalilifika juu kidogo ya nusu ya tairi, likayumba, likatoka upande wa pili, konda akapiga bodi kwa furaha. Nikawasha gari.

"Shemeji, tusubiri kidogo," mke wa mdogo wangu akasema. "Kwani tunawahi nini?"

Swali lile lilikuwa la busara, na jibu lake la kweli lilikuwa kwamba hatuwahi kitu. Mimi nikajibu, "Gari hii imevuka maji makubwa kuliko haya." Hilo nalo lilikuwa kweli. Corolla yangu ilikuwa imevuka maji mengi miaka mingi, na kila mara iliponivusha ilinifundisha uongo uleule.

Tulipofika katikati nilisikia nyuma ya gari ikisogea upande, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Hapakuwa na kishindo wala mtikisiko. Usukani niliukata huku na huku bila faida. Mtoto akauliza, "Baba mkubwa, tunaelea?" Kisha matairi yakashika kitu, sijui lami au ukingo wa kalvati, gari likanguruma, tukatoka. Nilicheka. Bado nakumbuka kwamba nilicheka, na kwamba nilikuwa nimekwisha anza kuitunga kichwani hadithi ya kuwasimulia nyumbani.

Ndipo nikatazama kioo. Gari jeupe lilikuwa limenifuata. Taa zake mbili zilikuwa zinanitazama, kisha zikatazama pembeni, kisha ikawa moja, kisha hapakuwa na taa.

"Simama! Shemeji, simama!"

Sikusimama. Nilisema siwezi kurudi kwenye maji yale. Ni kweli nisingeweza kurudi. Lakini kusimama na kurudi si jambo moja, na yeye aliomba la kwanza.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa miguu. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, na kipande cha ukingo wa kalvati kilikuwa kimekwenda na maji. Gari jeupe lilikuwa limelala ubavu hatua kama 200 kuelekea bondeni, limeegemea matete, matairi mawili yamekwisha pata wenyewe. Niliwauliza vijana waliokuwapo. Mmoja alisema dereva alishika nguzo, wakamvuta kwa kamba. Mwingine akasema hapana, walikuwa wawili ndani, na yule mwanamke hakuonekana. Wa tatu akaniuliza, "Mzee, wewe ni ndugu yao?" Nikasema hapana, nikaondoka. Polisi sikwenda. Siku ile niliamini kwamba sikuwa na la kuwaambia. Katika gazeti la Jumatatu niliikuta ile sentensi, na kwa mara ya kwanza maishani niliisoma kwa shukrani, kwa sababu mimi simo ndani yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiichunguza lugha tunayotumia juu ya mambo haya, na kila ninapogusa naona imetengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Chukua msemo unaopendwa kuliko yote, kwamba ajali haina kinga. Neno ajali tumelipata kwa Waarabu, na asili yake si kugongana wala kupinduka. Ni muda uliowekwa, siku ya mtu, ile ambayo ikifika imefika. Kwa maana hiyo ya kwanza msemo una heshima yake, maana nani ana kinga ya siku yake? Lakini sisi tumelihamisha neno likawa na maana ya kila kinachotokea barabarani, na msemo tukauhamisha pamoja nalo bila kuubadilisha nguo. Sasa mtu akiingia mtoni kwa hiari yake tunasema jambo hilo lilikuwa limekwisha andikwa. Nimeusikia msemo huo misibani, na msibani sikumjibu mtu, wala simshauri mtu ajibu. Nauliza tu kwa nini tunausema pia kituo cha polisi, kwenye kikao cha wenye mabasi, na katika viti vya mbele vya daladala maji yakiwa mbele yetu, kabla jambo lenyewe halijatokea.

Maana kinga ipo, tena ni hesabu ya darasa la saba. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Corolla yangu ilikuwa na uzito wa tani moja hivi. Tumbo lake, tukilipima bila ukarimu, lina eneo la mita 6 za mraba, nalo liko kama sentimeta 15 juu ya barabara. Maji yakishafika tumboni, kila sentimeta 10 zinazoongezeka zinalisukuma gari juu kwa nguvu ya kubeba kilo 600. Sentimeta 17 juu ya tumbo zatosha kubeba tani nzima. Jumlisha na zile 15 za chini: sentimeta 32, chini ya goti la mtu mzima. Utaniambia gari huvuja, na likijaa maji huwa zito tena. Ni kweli, ila kuvuja kunataka dakika na kusombwa kunataka sekunde. Wala si lazima gari liinuke lote. Likipunguziwa nusu ya uzito wake tayari matairi hayashiki kama yalivyozoea, na kwa kuwa injini iko mbele, mkia ndio unaoelea kwanza, nao mkondo unausukuma pembeni. Ndiyo maana zile taa zilitazama upande.

Mkondo nao una hesabu yake. Ukienda kasi maradufu, nguvu yake haiwi mara mbili, huwa mara nne. Kwa hiyo maji yaliyolipisha daladala saa 10 jioni si maji yatakayokupisha wewe saa 10 na robo, hata kama kwa macho yanalingana, na wala daladala si gari lako. Coaster ina tani kadhaa na tumbo liko juu. Mimi nililitazama likipita nikadhani limenipimia maji. Lilikuwa limejipimia lenyewe.

Kuna na yale usiyoyaona. Maji ya mafuriko mjini ni ya rangi ya chai ya maziwa, hayaonyeshi chini. Huko chini lami yaweza kuwa imechimbwa, mtaro wa pembeni ukawa umeungana na barabara, na chemba ikawa wazi kwa sababu mfuniko wake ulikwisha uzwa kama chuma chakavu. Injini nayo ikivuta maji badala ya hewa hufa palepale, kwani maji hayagandamiziki kama hewa, na vyuma vya ndani hupinda. Ndipo dereva anafanya kosa la mwisho, anabaki ndani kujaribu kuliwasha, vioo vimefungwa, umeme unakufa, na vioo vya umeme haviteremki tena. Mtu akishakwama, dakika za kwanza ndizo zake. Ateremshe vioo, afungue mkanda, atoe watoto kwanza, aliache gari. Gari hununuliwa.

Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwafundisha madereva wa huko kwamba sentimeta 30 za maji yanayokwenda hubeba magari mengi madogo, na 60 hubeba hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini. Wana msemo wao mfupi unaomwamuru dereva ageuze asije akazama. Naupenda msemo huo kwa sababu ya sarufi yake. Una mtu ndani. Unamwambia wewe, tena unamwambia afanye nini na usukani.

Sasa ulinganishe na wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku hizi hutoa angalizo na tahadhari mapema, mikoa ikatajwa, siku zikatajwa, na haki yake tuipe. Tatizo linaanza taarifa inapoteremka kwa mwananchi, ikawa imekauka na kubaki kwamba wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Tahadhari huchukuliwa wapi? Iko kabatini? Nimekaa na watu wazima, wenye akili timamu, tukaisikiliza taarifa hiyo pamoja, kisha kila mmoja akachukua mwavuli. Ningetamani siku moja nisikie sauti redioni ikisema: ukiona maji yanakwenda juu ya barabara na huoni lami, usiingie, hata kama aliye mbele yako amepita. Maneno yale ya mwisho ndiyo yangu, nayasisitiza, kwa sababu nilipojifunza udereva mwaka 1988 nilifundishwa alama zote, kupanda mlima, kurudi nyuma baina ya mapipa mawili. Juu ya maji sikumbuki kufundishwa neno hata moja. Niliyafundishwa na aliye mbele yangu.

Sentensi bora niliyoisoma juu ya mafuriko haikuandikwa na mtu wa gazeti wala wa ofisi. Iliandikwa na kijana nisiyemjua, aliyekata tawi la mwarobaini akalichomeka katika chemba iliyo wazi, majani yakabaki juu ya maji. Kila dereva aliisoma, wakiwemo wasiojua kusoma.

Najua nitaambiwa kwamba namwonea dereva. Dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na hesabu haipungui kwa kuwa mvua imenyesha. Akisimama saa tatu kungoja maji, atatoa fedha mfukoni mwake au atanyang'anywa gari kesho. Hilo ni kweli, na tajiri anayepokea hesabu kamili siku ya mafuriko naye hamo katika sentensi yetu, amejificha mahali pazuri zaidi kuliko mimi. Ningependa atajwe. Kisha tutajwe sisi abiria. Nani asiyewahi kusikia sauti kutoka viti vya nyuma, "Dereva, twende bwana, unaogopa maji?" Mara nyingi mwenye sauti hiyo ndiye aliyekaa karibu na mlango. Dereva kijana wa miaka 25 akicheka nyuma yake watu 30, sarufi yote ya Kiswahili haitamsaidia.

Nitaambiwa pia kwamba serikali ndiyo ya kulaumiwa. Sina ugomvi na lawama hiyo. Bonde la Msimbazi ni njia ya maji ya tangu na tangu, kutoka vilima vya Pugu hadi bahari pale Selander, na sisi tumelijenga, tumelitupia taka, tumeyaziba mapito. Wataalamu wenyewe walipoleta mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, waliiweka karakana yake Jangwani, bondeni kabisa, na masika yalipofika mabasi yaendayo haraka yakawa hayaendi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na miongoni mwa mambo yaliyopangwa ni daraja jipya la kuipandisha barabara juu ya maji na kuihamisha karakana hiyo. Ni mambo mema. Lakini mkandarasi, mhandisi na waziri hawakuwamo ndani ya Corolla siku ile. Tulikuwamo watatu, na kati ya watatu mmoja tu ndiye aliyeshika usukani. Mtaro mbovu ulileta maji barabarani. Kutoka ukingo wa maji hadi katikati ya maji nilijileta mwenyewe.

Jirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu ambayo siwezi kuiacha. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia katika daraja lililofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ilikuwa mchana, na kandokando ya mto walisimama watu wakitazama, mmoja akapiga picha kwa simu. Nimeitazama picha hiyo mara moja, sitaki ya pili. Basi linaingia polepole. Hakuna kinacholikimbiza. Lingeweza kusimama hatua yoyote, mpaka hatua ile ambayo haliwezi tena. Aprili 2024 basi jingine lilichukuliwa na maji katika barabara ya Garissa, upande wa Tana River. Abiria zaidi ya 50 waliokolewa, na wiki hiyohiyo Arusha gari la shule likatumbukia katika korongo lililojaa maji ya mvua, watoto wakafa. Katika yote haya niliyoyasoma, sentensi ilikuwa ileile, yenye gari na maji.

Simu hizi zimeleta jambo jingine. Masika hayapiti bila kuletewa picha ya basi linalopasua maji kama meli, maji yanaruka pande zote mbili, na chini watu wameandika sifa za dereva: huyo ni mwamba, huyo ndiye dereva. Kwanza, nitazame kando ya picha. Wimbi lile analolipiga mwamba linaingia dukani kwa mtu, linamwangusha mama aliyebeba mtoto mgongoni, linaizima pikipiki ya kijana aliyekuwa akijikokota ukingoni. Mwendo wa polepole majini si kwa usalama wa gari peke yake. Pili, picha hizo karibu zote ni za waliovuka. Mimi nami ningepigwa picha siku ile ningeonekana mwamba, mradi mpiga picha azime simu sekunde 20 mapema.

Mdogo wangu hajawahi kuniuliza juu ya siku hiyo, ingawa najua mkewe alimsimulia. Binti yao sasa ni mwanachuo. Safari moja nilimpeleka stendi, mawingu yakiwa meusi, akaniambia kwa adabu kubwa, "Baba mkubwa, mvua ikianza tutaegesha, sawa?" Nikamwambia sawa. Hakueleza kwa nini, nami sikumwomba aeleze.

Masika yaliyopita nilikuta maji barabarani si mbali sana na kalvati lile. Lami haikuonekana. Nilikuwa wa kwanza kufika, nikaegesha pembeni kadiri nafasi ilivyoruhusu, nikazima injini. Nyuma yangu wakaanza honi. Baada ya muda kijana mmoja alishuka kwenye gari lake, akaja dirishani, akanisalimu vizuri, "Shikamoo mzee. Kuna nini mbele?"

"Marahaba. Kuna maji."

"Mengi?"

"Sijui," nikamwambia. "Ndiyo maana nimesimama."

Akayatazama, akanitazama mimi na mvi zangu, akacheka kidogo, akarudi garini. Nilidhani anarudi kuzima injini. Akanipita. Akaingia, maji yakamfika tumboni, mkia ukacheza mara moja, akatoka. Alipofika upande wa pili akapiga honi mbili, za kuniaga au za kunicheka. Nilishuka nikasimama barabarani mvuani, nimenyosha mikono yote miwili kama trafiki asiye na sare. Wawili walisimama. Watatu wakanizunguka, wakamfuata.